Imetuniwa Nairobi, Inakwenda Mombasa: Usalama wa Mafuta kwenye Injini ya Tabo Iliyoongezwa Nguvu



Nimeombwa nizungumzie mafuta kwenye magari ya tabo yaliyoongezwa nguvu. Nitashikilia gari mnalolijua nyote, Subaru Impreza ya tabo, na barabara moja, ya Nairobi kwenda Mombasa. Barabara hiyo imeumbua kazi nyingi zilizoonekana safi gerejini.

Nairobi iko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Presha ya hewa ya kawaida hapa ni karibu kilopaskali 83. Mombasa ni 101. Chukua gari ambalo presha ya tabo inashikiliwa na springi ya westigeti, au na ile kontrola ya kuzungusha kwa mkono. Springi hupima tofauti yake na hewa ya nje. Habari za mwinuko haina. Ukiiseti bar 1.2, geji itasoma 1.2 Nairobi na 1.2 Mombasa, na mwenye gari ataapa hakuna kilichobadilika. Lakini ukihesabu presha kamili ndani ya manifoldi, injini imetoka bar 2.03 ikafika 2.21. Hewa imeongezeka karibu asilimia 9 bila mtu kugusa spana. Joto la pwani huipunguza hewa hiyo kidogo, ila joto hilohilo huisukuma injini kwenye kugonga, kwa hiyo msihesabu nafuu hapo.

Kuna baya zaidi. Kama gari lilituniwa Nairobi kwa kompyuta inayosoma presha ya manifoldi, safu za ramani za kilopaskali 220 hazikuwahi kuguswa. Namba zilizomo humo fundi alizikisia. Zitajaribiwa mara ya kwanza huko mbele ya Mariakani, dereva amekanyaga mafuta apite lori.

Hoja yangu basi ni hii: hesabu ya mafuta ifanywe kwa ajili ya pwani, hata kama mteja anaishi Ruaka na husema gari ni la mjini tu.

Tuifanye. Injini ya tabo ya petroli, yenye mchanganyiko mzito wa kujilinda, hula takriban lita 0.36 kwa saa kwa kila nguvufarasi moja. Nguvufarasi 300 ni lita 108 kwa saa. Gawa kwa nozeli nne, kila moja itoe mililita 450 kwa dakika. Na kwa kuwa nozeli haifai kukaa wazi zaidi ya asilimia 85 ya muda wake, tafuta ya mililita 530 au zaidi. Injini ikiwa kwenye mizunguko 7,000 kwa dakika, muda wote uliopo kati ya mnyunyizo mmoja na unaofuata ni milisekunde 17, na kama milisekunde moja kati ya hizo nozeli huimaliza katika kufunguka tu. Nozeli zilizosoma asilimia 88 Nairobi zitafika 96 Mombasa. Hapo kompyuta haina tena cha kuongeza.

Pampu nayo ina udanganyifu wake. Lita 255 zilizoandikwa kwenye boksi hazipatikani kwenye kila presha. Kama reli ya mafuta ina bar 3 za kuanzia, ongeza 1.2 za tabo, pampu inasukuma dhidi ya bar 4.2, na kadiri presha inavyopanda ndivyo lita zinavyopungua. Halafu kuna waya. Volti zipimwe kwenye pampu yenyewe, injini ikiwa mzigoni. Alteneta inaweza kutoa 14 huku pampu ikipata 11.5 kwa sababu ya waya mwembamba wa miaka ishirini. Vuta waya mpya mnene kutoka kwenye betri, weka rilei na fyuzi.

Sasa naomba tukae kidogo kwenye kimpira kimoja ambacho wengi hukipita. Ni kile chembamba kinachotoka manifoldi kwenda kwenye regyuleta ya mafuta. Kazi yake ni kuipandisha presha ya mafuta sambamba na ya tabo, ili nozeli daima isukume kwa tofauti ileile ya bar 3. Kikipasuka au kikichomoka, reli hubaki na bar 3 huku manifoldi ikisukuma nyuma kwa 1.2. Tofauti inabaki 1.8. Mtiririko hufuata kipeuo cha pili cha tofauti hiyo, hivyo mafuta hupungua kwa zaidi ya asilimia 22. Mchanganyiko uliokuwa 11.5 kwa 1 unaruka hadi karibu 14.8. Namba hiyo ni nzuri kwa gari linalotembea taratibu Thika Road; chini ya presha kamili, huvunja kingo za pistoni zinazoshika ringi. Kimpira hicho ni bei ya chai. Kibadilishe kila unapolipokea gari, na ukifunge kwa klipu pande zote mbili.

Kuhusu geji ya mchanganyiko, ni lazima iwepo, na chini ya presha kamili isome kati ya 11 na 11.8. Ila sensa iko baada ya tabo, inaonja moshi wa silinda nne uliokwisha changanyika. Silinda tatu zikiwa 11.2 na moja yenye nozeli chafu ikiwa 13.5, geji itaonyesha kama 11.8 na nyote mtapeana mikono. Nozeli zipimwe mezani, moja moja, kabla ya kufungwa.

Vile vidude vya kuidanganya kompyuta isikate mafuta presha ikizidi, sitaki kuvisemea sana. Kompyuta ikikata, inakata silinda zote na injini inabaki salama. Anayevifunga ameondoa ulinzi wa mwisho.

Tukumbuke pia kwamba magari haya ya soko la Japani mengi yalitengenezwa yakitarajia petroli ya okteni 100 inayouzwa kwenye vituo vya kwao. Petroli ya kawaida ya vituo vyetu haifiki huko, kwa hiyo muda wa cheche urudishwe nyuma hata pale mafuta yanapotosha.

Ninaloomba tulijadili leo ni makabidhiano. Napendekeza mteja apewe karatasi yenye presha ya juu aliyoruhusiwa kwa pwani, asilimia ya nozeli iliyorekodiwa, na volti za pampu. Wapo watakaosema wateja hawasomi karatasi. Lakini fundi wa Mombasa atakayelipokea gari hilo ataisoma, na kwa sasa hana pa kuanzia isipokuwa maneno ya dereva.