Tangazo la Serikali na Kalamu ya Raia

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanafunzi wa zamani na wanafunzi wa sasa, siku ya mkutano wetu wa mwaka. Inapigwa chapa hapa kwa ombi la Kamati.)



Kamati iliniomba niseme juu ya "Raia na Serikali Yake". Kwa kuwa mimi ni mtumishi wa serikali, huenda mnatazamia niwahimize vijana kutii sheria na kulipa kodi. Hayo ni wajibu, nami nimekwisha kuyasema. Sasa naomba ruhusa niendelee na jambo jingine. Nataka kusema juu ya makala ya siasa: ile insha ya kurasa mbili tatu ambayo mtu huiandika na kutia jina lake chini, akiiambia serikali, "Habari mliyotupa si ya kweli." Mimi nimo miongoni mwa watu waandikao matangazo yanayojibiwa na makala za namna hiyo, kwa hiyo faida yake naiona kwa karibu.

Sitapenda kusema kwa maneno matupu. Nitachukua kisa kimoja cha nchi yetu, ambacho wazee waliomo humu wanakijua, na vijana wamekisoma kwa mstari mmoja katika kitabu cha historia.

Tarehe 3 Machi 1959, katika kambi ya Hola karibu na Mto Tana, mahabusu 85 walitolewa kwenda kuchimba mifereji. Hawa walikuwa wamewekwa kizuizini bila kuhukumiwa na mahakama yoyote, nao walikuwa wamekataa kufanya kazi ya kulazimishwa. Jioni ilipofika walikuwapo maiti, na hesabu ilipokamilika watu 11 walikuwa wamekufa. Serikali ya kikoloni ikatoa tangazo. Tangazo likasema kwamba vifo vilitokea baada ya watu hao kunywa maji ya gari la maji, ambalo lilitumiwa na wafanyakazi wote pamoja na walinzi wao.

Vijana, hebu tulisome tangazo hilo kama mnavyofundishwa kusoma ufahamu darasani. Kwanza, maji ni yale yale, na walinzi waliyanywa. Mbona hakufa mlinzi hata mmoja? Tangazo lenyewe lilijiumbua, na aliyetaka kuona hakuhitaji siri ya mtu yeyote. Alihitaji kusoma polepole tu.

Pili, tazameni kitenzi. Mwalimu wenu wa Kiswahili amekwisha kuwafundisha tofauti ya "kufa", "kuuawa" na "kuua". Ukisema "watu walikufa", hakuna wa kuulizwa. Ukisema "watu waliuawa", tayari kuna swali: na nani? Ukisema "askari waliwaua watu", swali limejibiwa. Tangazo la Hola lilitumia njia iliyo mbali kuliko zote, likasema "vifo vilitokea", kama kwamba vifo ni mvua. Kila mnapokuta katika gazeti au redioni maneno kama "machafuko yalizuka", "risasi zilisikika", "fedha zilipotea", ulizeni: mtendaji yuko wapi? Nusu ya kazi ya mwandishi wa makala ya siasa ni kumrudisha mtendaji katika sentensi aliyofukuzwa.

Daktari alipozichunguza zile maiti alikuta majeraha ya kupigwa. Mwezi Mei mwaka ule ule hakimu aliyechunguza vifo hivyo alithibitisha kwamba watu wale walikufa kwa sababu ya vipigo. Hata hivyo hakuna aliyeshitakiwa kwa kuua. Jina la Hola lenyewe likaondolewa, mahali pakaitwa Galole.

Sasa mtaniuliza, ilikuwaje uongo ule usidumu? Ni kwa sababu watu walikuwa wamekwisha kuandika kwa miaka kadhaa kabla yake. Mahabusu wenyewe waliandika barua nyingi na kuzipenyeza nje ya kambi, wakiwapelekea magavana, mawaziri na wabunge wa Uingereza. Mwaka 1955 Mbunge Barbara Castle alikuja Kenya kuchunguza kifo cha Kamau Kichina, aliyefia mikononi mwa polisi, akaandika aliyoyaona. Mwaka 1956 mama mmoja Mwingereza, Eileen Fletcher, aliyekuwa ameajiriwa na serikali katika kambi na magereza yetu, akiwa ameacha kazi hiyo, aliandika makala juu ya wasichana wadogo waliofungwa. Alitaja mahali, alitaja umri. Serikali ikabishana naye juu ya umri huo. Na hilo ndilo jambo la kuangalia: makala ikisema "kuna uonevu mkubwa", waziri atajibu kwamba hakuna uonevu, na mambo yameishia hapo. Makala ikisema "msichana wa miaka 11, gereza fulani", waziri hana budi kufungua faili.

Kwa hiyo Hola ilipotokea, wasomaji walikuwa wamekwisha kuzoea kuuliza. Mwezi Julai 1959 jambo lilijadiliwa katika Bunge la Uingereza usiku kucha, na mmoja wa waliosema kwa ukali kuliko wote, Enoch Powell, alikuwa wa chama kile kile kilichotawala. Mtu huyu hakuwa rafiki wa Mwafrika, kama mambo yake ya baadaye yalivyoonyesha. Lakini hoja yake usiku ule ilikuwa nzito: kwamba serikali haiwezi kuwa na kipimo kimoja cha haki nyumbani na kingine Afrika. Hoja njema haipotezi uzito kwa sababu ya kinywa kilichoitoa.

Tusiwaache magazeti nje ya hesabu hii. Katika miaka ya Hali ya Hatari, iliyotangazwa Oktoba 1952, magazeti ya Uingereza na ya walowezi hapa nchini yalisimulia vita hivyo kama ugonjwa wa akili. Mwaka 1954 serikali ilichapisha hata kijitabu cha daktari wa akili, J. C. Carothers, cha kueleza maradhi hayo. Ukisema mtu ni mgonjwa, huna haja ya kumsikiliza anapodai ardhi. Raia Wazungu 32 waliuawa katika miaka ile, na msomaji wa London aliwafahamu kwa majina na picha. Waafrika walionyongwa kwa amri ya mahakama walizidi 1,000, na waliouawa kwa kuhesabiwa kuwa Mau Mau, kwa hesabu ya serikali yenyewe, walizidi 11,000. Hao walikuwa tarakimu.

Wala msidhani kwamba uongo wa magazeti daima ni jambo la kubuni. Usiku wa tarehe 26 Machi 1953, kule Lari, Mau Mau waliwachoma moto Wakikuyu wenzao, wanawake na watoto wakiwamo. Hiyo ni kweli, nasi hatuna haki ya kuificha. Waandishi wa habari walipelekwa kuona. Lakini usiku ule ule na siku zilizofuata, askari na walinzi wa serikali waliua watu wengi kwa kulipiza kisasi, na huko waandishi hawakupelekwa. Nusu ya kweli iliyochapishwa kwa herufi kubwa ni shahidi hatari kuliko uongo, kwa maana hawezi kukamatwa akisema uongo.

Naomba sasa niseme na watumishi wenzangu. Mwezi Juni 1957 Mwanasheria Mkuu wa Kenya, Eric Griffith-Jones, alimwandikia Gavana Baring juu ya kuhalalisha vipigo kambini, akasema kwamba kama ni kutenda dhambi, basi watende kimya kimya. Aliamini kimya kitadumu. Wakoloni walipoondoka mwaka 1963 walichukua masanduku ya mafaili, wakayaficha Uingereza. Mwaka 2009 wazee wa Kenya wakaenda kushitaki London. Miongoni mwao alikuwa Mzee Wambugu wa Nyingi, ambaye siku ile ya Hola alipigwa hata akadhaniwa amekufa, akawekwa pamoja na maiti. Mwaka 2011 serikali ya Uingereza ikalazimika kukiri kwamba mafaili yapo, katika jumba la Hanslope Park. Tarehe 6 Juni 2013 ikatamka masikitiko yake Bungeni na kukubali kuwalipa watu 5,228 pauni milioni 19.9. Jambo lililoandikwa kwa siri lilisomwa mahakamani baada ya zaidi ya miaka 50. Wenzangu, kila karatasi tunayotia sahihi ina msomaji ambaye bado hajazaliwa.

Wako watakaosema, "Hayo ni ya mkoloni." Laiti ingekuwa hivyo. Mmoja wa walioandika barua zile za kambini alikuwa J. M. Kariuki, na kitabu chake juu ya kizuizini kilitoka mwaka 1963, mwaka wa Uhuru. Mwezi Machi 1975, akiwa Mbunge, alitoweka Nairobi. Gazeti moja kubwa likachapisha kwamba yuko Zambia. Wakati huo maiti yake ilikuwa imekwisha kuokotwa Ngong, nayo imelala mochari mjini. Mwaka 1984 watu wa Wajir walikusanywa katika uwanja wa ndege wa Wagalla na wengi wakauawa. Serikali ikasema waliokufa ni 57. Miaka 16 baadaye waziri alitaja Bungeni idadi ya 380, na wenyeji wanasema hata hiyo haitoshi. Bendera ilibadilika, lakini mwandiko wa tangazo ulibaki.

Vijana, nisingependa mtoke hapa mkidhani kwamba kila neno la serikali ni uongo. Serikali ikitangaza kipindupindu, chemsheni maji. Mtu asiyeamini kitu chochote ni rahisi kudanganywa kama yule aaminiye kila kitu, kwa sababu atamfuata yeyote anayepiga kelele zaidi. Leo mna simu mkononi, na uvumi hufika kabla ya tangazo. Uongo unaosambazwa na mpinzani wa serikali ni uongo vilevile, na siku ukifichuliwa, humpa mwenye mamlaka kisingizio cha kukana hata yaliyo kweli.

Basi ukitaka kuandika dhidi ya mkubwa, fanya haya. Tafuta mtendaji, umtaje kwa kazi yake. Taja mahali na siku. Hesabu wafu wa pande zote mbili. Andika kwa lugha ambayo hutaona haya kuisoma mbele ya mama wa aliyekufa. Kisha tia jina lako, kwani makala isiyo na mwenyewe ni ndugu wa tangazo lisilo na mtendaji. Najua kwamba jina hugharimu, na wako walioligharimia kwa kazi na hata kwa maisha. Ndiyo sababu jamii nzima inapaswa kumlinda anayelitia.

Nina ombi moja kwa Kamati na kwa Mwalimu Mkuu. Katika gazeti letu hili, kurasa za wanafunzi huwa za shukrani, mashairi na matokeo ya michezo. Ni mema. Naomba tuongeze ukurasa mmoja wa makala ya hoja, ambamo mwanafunzi ataruhusiwa kuhoji jambo la nchi, au hata la shule, ilimradi athibitishe asemayo. Mwanzoni ukurasa huo utawaudhi watu wazima, na huenda mimi nikawa wa kwanza kuudhika. Lakini kijana asiyefundishwa kubisha kwa ushahidi akiwa hapa, atajifunza kubisha kwa mawe akiwa mjini, au atajifunza kunyamaza na kuandika "vifo vilitokea" akiwa ofisini. Wote wawili ni hasara kwa nchi.

Gharama ya ukurasa huo kwa miaka mitatu ya kwanza niko tayari kuichangia, na nawakaribisha wenzangu tuchange pamoja.