Tusiseme "Amekwisha": mazoezi kwa walioumia uti wa mgongo

Mazungumzo na familia zilizohamishwa na viongozi wao, Kongolo, Jimbo la Tanganyika



Leo hatukuja kusema juu ya mbegu wala maturubai. Tumekuja kusema juu ya wale walioumia uti wa mgongo, ambao hawawezi kufika hapa kwa miguu yao. Tangu ugomvi wa Watwa na Waluba ulipowaka katika Tanganyika mwaka 2013, risasi na mishale vimeumiza watu wa pande zote mbili. Wengine hawakuumizwa na vita: mtu ameanguka toka juu ya mchikichi, mwingine ameangushwa na pikipiki. Na mara nyingi familia inasema neno moja: "Amekwisha." Neno hilo ndilo tunataka kuliondoa.

Ndani ya mifupa ya mgongo inapita kamba laini ya neva, yaani mishipa ya fahamu. Inapeleka amri za ubongo mpaka miguuni, na inarudisha habari za maumivu, joto na baridi. Fikirini daraja letu juu ya Lualaba. Daraja likivunjika, vijiji vya ng'ambo havifi. Kinachokosekana ni njia. Hivyo hivyo, neva nyingi zilizo chini ya jeraha ziko hai, lakini zinakaa bila kazi. Na mara nyingi kamba haikatiki yote. Nyuzi chache zinabaki, kama mitumbwi inayoendelea kuvusha watu.

Mazoezi yanasaidia namna gani? Katika miaka ya 1990, watafiti wa Los Angeles, Marekani, waliwafundisha paka waliokatika uti wa mgongo. Waliofundishwa kutembea juu ya mkanda unaozunguka waliweza tena kupiga hatua kwa miguu ya nyuma juu ya mkanda huo. Waliofundishwa kusimama tu walijua kusimama, lakini kutembea kukawashinda. Maana yake, neva za mgongo zinajifunza kile zinachofundishwa. Kwa panya imeonekana pia kwamba mazoezi yanaongeza ndani ya uti wa mgongo protini iitwayo BDNF, ambayo ni kama chakula cha neva: inazisaidia kuishi na kuungana upya.

Lakini tusidanganyane. Mtu aliyebaki na hisia au nguvu kidogo ndiye mwenye tumaini kubwa, na wengine wa namna hiyo wametembea tena. Kamba ikiwa imekatika yote, mazoezi peke yake hayarudishi miguu. Hata hivyo yanalinda uhai. Zamani wengi waliopooza hivi walikufa upesi kwa vidonda vya kulalia na ugonjwa wa mkojo. Mwaka 1944, mganga Ludwig Guttmann alifungua huko Stoke Mandeville, Uingereza, idara ya askari walioumia uti wa mgongo. Aliamuru wageuzwe kila saa mbili, kisha akawapa mazoezi na michezo. Mwaka 1948 wagonjwa 16 walishindana kurusha mishale wakiwa katika viti vya magurudumu. Kutoka hapo ilizaliwa michezo ya Paralimpiki. Sisi tunaoujua mshale kwa ubaya wake, tuone kwamba huko ulisaidia watu kuinuka.

Basi tufanye nini nyumbani na kambini?

1. Siku ya ajali, msimvute mtu wala kumpakia pikipiki. Watu wanne au zaidi wamgeuze pamoja, kichwa na mgongo vikiwa mstari mmoja kama gogo, wamlaze juu ya mbao au mlango, wampeleke hospitali.

2. Msianze mazoezi kabla mganga hajasema kwamba mifupa imetulia.

3. Mgeuzeni kila saa mbili, mchana na usiku. Kila siku tazameni makalio, visigino na nyonga. Hasikii maumivu, kwa hiyo macho yenu ndiyo yatakayomwonya.

4. Kila siku kunjeni na kunyoosha viungo vyake polepole: vidole, vifundo vya miguu, magoti, nyonga. Msitumie nguvu.

5. Kidole kikicheza kidogo, mwacheni ajaribu mwenyewe mara nyingi. Mganga akikubali, ajifunze kukaa, kisha kusimama kati ya miti miwili iliyofungwa kama reli. Anayetafuta kutembea ajifunze kutembea. Kunyooshwa tu akiwa amelala hakutoshi.

6. Aliyeumia shingoni au juu ya kifua akishikwa ghafla na kichwa kikali na jasho, mketisheni, legezeni nguo, angalieni kama mpira wa mkojo umejikunja au umeziba, mpelekeni upesi kwa mganga. Hiyo ni hatari ya kifo.

Kwenu viongozi. Nchi yetu iliingia mwaka 2015 katika Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu, na sheria ya tarehe 3 Mei 2022 inalinda haki hizo. Kwa hiyo liste ya msaada isiandikwe kwa wale tu waliofika kupanga mstari. Pitieni nyumba kwa nyumba. Choo na maji viwe karibu na asiyetembea.

Tena, jambo hili ni la amani. Mtu aliyeachwa juu ya mkeka anakuwa deni la kisasi. Mtoto anayemgeuza baba yake usiku peke yake anakua akihesabu waliomfanyia hivyo. Lakini jirani akija kumsaidia, mzigo unapungua, na hasira pia. Tunaomba kila baraza la amani, lenye Watwa na Waluba ndani yake, lichague mahali pamoja pa mazoezi, lisimike miti ya kushikilia, na lipange zamu za vijana wa pande zote mbili. Miti iko, kamba ziko, mikono iko.

Kazi hii ni ya miezi na miaka, si ya wiki moja. Kabla hatujaachana leo, kila kiongozi atuambie katika kambi yake kuna wangapi, na nani atakwenda kuwaona kesho asubuhi.