Kabla Hujapanda Ndege ya Komoro

Leo tunazungumza na wewe unayejiandaa kwenda Komoro.

Anza na fedha. Huko hutumika faranga ya Komoro, iliyofungwa kwa yuro moja kwa faranga 492 hivi. Beba yuro taslimu, tena noti ndogo ndogo, kwani kadi ya benki utaitumia mahali pachache mno mjini Moroni, na nje ya mji usiitegemee kabisa.

Visiwa ni vitatu: Ngazija, Nzwani na Mwali. Cha nne, Mayotte, kiko chini ya Ufaransa na viza yake ni nyingine. Nakusihi, usikubali kamwe kuvushwa kwa siri kutoka Nzwani kwa zile boti ndogo ziitwazo kwasakwasa. Umbali ni kilomita 70 tu, lakini bahari ile imemeza watu wengi.

Ukitaka kupanda mlima Karthala, wenye mita 2,361, chukua mwenyeji wa kukuongoza. Hiyo ni volkano hai. Mwaka 2005 majivu yake yaliharibu maji ya kunywa ya vijiji vingi.

Mvua na vimbunga huja kati ya Novemba na Aprili. Mei hadi Oktoba ni afadhali zaidi.

Wenyeji ni Waislamu. Vaa kwa staha, na salamu itangulie. Kiswahili chako baadhi yao watakielewa.

Malaria ipo. Mwone daktari kabla ya safari, na chandarua usikiache nyumbani.