Injinia Anayetaka Kuendelea na Utafiti



Kijana akiisha kupata shahada yake ya kwanza ya uinjinia, jamaa zake hudhani kwamba amefika mwisho wa safari. Lakini iko safari nyingine, ya kutafuta jibu la jambo ambalo halijajulikana bado. Safari hiyo ina milango miwili, wa sifa na wa fedha. Mzazi aliyekwisha kuuza ng'ombe kwa ajili ya shahada ya kwanza, mara nyingi hana tena cha kuuza.

Kwa hiyo yafaa watu wafahamu habari za Chuo Kikuu cha Afrika Nzima, kilichozinduliwa na Umoja wa Afrika mwaka 2011. Tawi lake la sayansi na teknolojia liko Juja, katika Chuo Kikuu cha Kilimo na Teknolojia cha Jomo Kenyatta. Hapo husomwa, miongoni mwa mengine, uinjinia wa ujenzi na wa umeme, kwa shahada ya pili na ya tatu. Wanaochaguliwa kusaidiwa na Umoja hulipiwa ada, tena hupewa posho.

Masharti makubwa ni haya. Kwanza, mwombaji wa shahada ya pili awe amefaulu vema katika shahada ya kwanza. Wa shahada ya tatu awe na shahada ya pili ya somo linalohusika. Pili, alete nakala za vyeti zilizothibitishwa, pamoja na barua za walimu wanaomjua. Tatu, asiwe amepita umri uliowekwa. Nne, mwombaji wa shahada ya tatu aandike mpango wa utafiti wake.

Katika sharti hili la nne ndipo wengi hujikwaa. Kusema tu, "Nataka kuchunguza maji," si mpango. Visima vingi vya upande wa Nakuru vina floridi nyingi, inayoharibu meno ya watoto, na mkaa wa mifupa huweza kuichuja. Basi mwombaji na aulize: mkaa huo huchuja madebe mangapi kabla ya kuchoka? Atapimaje? Kwa vyombo gani, na kwa muda gani? Swali la namna hiyo huonyesha kwamba fedha zitakazotolewa zitafanya kazi.

Masharti huweza kubadilika. Kila tangazo na lisomwe lote. Barua za walimu na ziombwe mapema, wala mpango usiandikwe usiku wa mwisho, kwani mbio za sakafuni huishia ukingoni.