Kabla ya Kumsajili Mtoto kwa Masomo ya Mtandaoni

Hotuba ya afisa wa elimu wa kaunti kwa wazazi na walezi



Tangu shule zilipofungwa Machi 2020 kwa sababu ya korona, wazazi wengi wamezoea kuona mtoto akisoma kwa simu. Hilo ni jambo jema. Lakini linaleta swali tunaloulizwa sana: je, masomo haya yanatambuliwa?

Kwanza tutenganishe mambo mawili. Kuna masomo ya ziada, ambayo mtoto anasoma jioni au wakati wa likizo huku akiendelea na shule yake. Hayo ni hiari yenu. Na kuna masomo yanayochukua nafasi ya shule. Hapo sheria inaingia. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 inamtaka kila mzazi ahakikishe mtoto wake anahudhuria shule. Anayepuuza bila sababu anaweza kutozwa faini isiyozidi shilingi 100,000, kufungwa hadi mwaka mmoja, au yote mawili.

Kwa hivyo, usimtoe mtoto shuleni kwa sababu ya tangazo uliloona kwenye simu. Uliza kwanza: taasisi hii imesajiliwa? Omba nakala ya cheti cha usajili, kisha uende nayo kwa Mkurugenzi wa Elimu wa kaunti ndogo yako athibitishe. Usajili wa taasisi za elimu ya msingi hushughulikiwa na Bodi ya Elimu ya Kaunti. Pia uliza kama vitabu na vipindi vyao vimeidhinishwa na Taasisi ya Ukuzaji Mitaala, KICD.

Swali la pili ndilo zito zaidi: mtoto atafanyia mtihani wapi? Baraza la Mitihani, KNEC, husajili wanafunzi kupitia shule. Mtoto anaweza kusoma kwa bidii miaka miwili, kisha wakati wa usajili ufike na hakuna shule yenye jina lake. Ada imelipwa, na mtihani hana. Pata jibu hilo kwa maandishi kabla ya kulipa chochote.

Tatu, stakabadhi. Cheti cha kuzaliwa ndicho msingi. Ambaye hana aanze sasa, kwa maana uzazi ulioandikishwa baada ya miezi sita huhesabiwa umechelewa na huhitaji ushahidi zaidi. Hakikisheni majina kwenye cheti na kwenye rekodi za shule yanafanana, herufi kwa herufi. Kosa dogo likirekebishwa mapema halisumbui. Likingoja mwaka wa mtihani, utapanda na kushuka ngazi za ofisi.

Nne, pesa na habari za mtoto. Lipeni kwa akaunti yenye jina la taasisi, si kwa nambari ya simu ya mtu, na muweke risiti. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inataka idhini ya mzazi au mlezi kabla ya habari za mtoto kutumiwa. Ukiombwa picha ya mtoto au nakala ya cheti, uliza ni ya kazi gani.

Sasa, mtaenda ofisi gani? Kikatiba, sisi wa kaunti tunasimamia chekechea na vyuo vya ufundi vya vijijini. Shule za msingi na sekondari ziko chini ya serikali ya kitaifa. Ukija kwetu na shida ya darasa la sita tutakusikiliza na kukuelekeza, lakini hatuwezi kuitatua. Heri ujue mapema uokoe nauli.

Na ukizungushwa "njoo kesho" kila siku? Andika barua, tia tarehe, ubaki na nakala iliyopigwa muhuri. Ukiomba habari chini ya Sheria ya Kupata Habari ya mwaka 2016, ofisi ya umma ina siku 21 kukujibu. Kifungu cha 47 cha Katiba kinakupa haki ya kuhudumiwa bila kucheleweshwa, na kupewa sababu kwa maandishi iwapo uamuzi umekuathiri. Wakikaa kimya, peleka malalamiko kwa Tume ya Haki ya Utawala.

Haba na haba hujaza kibaba. Karatasi moja leo, nyingine kesho, na mtoto wako hatafungiwa mlango.