Ngozi ya Mbwa Wako

Shikeni karatasi zenu, mfuate maneno kwa kidole huku mkinisikiliza. Neno letu jipya leo ni KIROBOTO. Mmoja ni kiroboto, wengi ni viroboto.

Mbwa hulinda nyumba usiku, nawe umelala. Lakini wengi wetu tunayatazama meno yake tu, ngozi hatuitazami.

Jioni ya leo mwite mbwa wako. Pitisha vidole katika manyoya yake, kinyume cha yanavyolala. Tazama masikioni, kwapani, na katikati ya vidole vyake. Hapo ndipo kupe wanapojificha. Usimchome kupe kwa moto, wala usimpake mafuta ya taa angali juu ya mbwa. Mshike karibu kabisa na ngozi, umvute polepole bila kumpasua. Kisha mtie katika kopo lenye mafuta ya taa, hapo yanafaa. Kupe jike akishiba damu huanguka, huingia katika ufa wa ukuta, akataga mayai maelfu. Basi kuziba nyufa ni sehemu ya tiba.

Mayai ya viroboto nayo huanguka pale mbwa anapolala. Fagia hapo, yachome majani ya zamani, tandika mapya.

Sasa upele. Mbwa hujikuna mchana na usiku. Manyoya hunyonyoka, kwanza kwenye ncha za masikio na viwiko. Wanaofanya hivyo ni wadudu wadogo mno, wanaochimba ndani ya ngozi. Humwambukiza mbwa wa jirani, na mtoto anayemkumbatia mbwa huyo naye huwashwa.

Hapa nisikilizeni sana. Nilikuwa na mbwa mwenye upele, jina lake Simba. Niliambiwa nimpake oili chafu ya gari. Nikampaka mwili mzima. Akajilamba usiku kucha, alfajiri akatapika, siku ya tatu akafa. Upele haukumwua. Nilimwua mimi.

Wala usikisie kipimo cha dawa ya kuogeshea ng'ombe. Nayo yaweza kuua mbwa. Nenda kwa bwana mifugo. Atakupa dawa kwa kadiri ya uzito wa mbwa, nawe uirudie siku atakayokuambia, hata kama mbwa ameacha kujikuna.

Sasa chukueni kalamu. Andikeni: "Nimetazama masikio yote mawili." Chini yake andikeni idadi ya kupe mliowatoa, mkamwonyeshe mwalimu wenu.