Kabla ya kununua bareti ya RAM, tufungue mashini kwanza



Kompyuta zetu, zile tunaandikia matangazo na ripoti, ziko nzito. Tumekubaliana kuziongezea RAM. Lakini franga hizo ni mchango wa kila memba. Tukinunua bareti isiyoingia, tunatupa jasho la wenzetu, na kwenye soko kitu kilichofunguliwa ni vigumu kukirudisha.

Basi tufanye hivi:

Kwanza, tuzime mashini, tutoshe batri, tusome etiketi ya bareti iliyo ndani. Ikiandikwa DDR3, basi DDR4 haitaingia: mukato wake uko pahali pengine, na meno ni 260, hapana 204. Tusilazimishe! Ikiandikwa DDR3L ao PC3L, tununue yenye L vilevile. Hiyo inatumia volti 1,35. DDR3 ya kawaida inataka 1,5.

Pili, ya laptopu ni fupi, inaitwa SO-DIMM. Ile ndefu ni ya kompyuta ya meza.

Tatu, tutafute kipimo cha mwisho cha modeli. Kuna mashini zinakataa kupita GB 8, na zingine RAM imechomelewa ndani, hakuna nafasi ya kuongeza.

Muuzaji akisema "zote ni sawa tu", tumuombe aijaribishe mbele yetu, ndipo tulipe. Risiti ije kwa mukutano.

Kila siku tunauliza viongozi hesabu ya franga za raia. Ya kwetu pia ionekane.